Unga Mweupe Kwenye Betri

Inspekta Sikudhani Bwanali alizisimamisha betri mezani, moja baada ya nyingine, katika ofisi ya upelelezi ya Newala. Zilikuwa betri nene, za ukubwa ule wa tochi za walinzi, zote za kampuni moja na zote zenye ganda la buluu. Zilikuwa zimetolewa kwenye tumbo la chombo cha kupimia mwendo wa maji, kile ambacho marehemu Cecil Nandonde, fundi wa mradi wa maji, alikilaza chini ya Mto Ruvuma na polisi wakakitoa maji yalipopungua. Kwa sababu ya betri hizo Cecil alishuka mtoni mwezi wa tatu, mto ukiwa umefura, akarudishwa kwao Mnyambe amefunikwa turubai.

Kwa sababu ya betri hizo hizo Hamudi, mlinzi wa chombo, alikuwa mahabusu upande wa pili wa ukuta. Jalada lake lilikuwa liende kwa mwanasheria wa serikali kesho asubuhi. Kosa liliandikwa kwa herufi kubwa: kuua kwa kukusudia.

"Afande, kesi imeshaiva hii," alisema Koplo Filemoni. "Tunapakua tu."

"Hata ugali mbichi hupakuliwa, Koplo. Wanaoumwa tumbo ni wengine. Hebu nieleze kama unamweleza hakimu."

Filemoni akajinyoosha. Alikuwa kijana mwenye sauti nzuri ya mahakamani na hakupenda kuipoteza bure. "Hamudi alipewa chombo akilinde. Akakitoa majini kwa siri, akachomoa betri mpya, akatia chakavu za redio. Chombo kikazima kabla ya wakati. Cecil akashuka kuja kuona kulikoni, akagundua, wakakorofishana. Mama mmoja aliyekuwa kwenye mpunga wake alimsikia marehemu akisema 'Niachie!' Shati la marehemu lilikutwa limechanika mgongoni. Halafu kwenye tochi ya Hamudi tumekuta betri mbili za buluu kama hizi. Nini kingine tunataka, afande?"

Maelezo yalikaa vizuri, na Sikudhani alishawahi kuona watu wasio na hatia wakifungwa kwa maelezo yaliyokaa vizuri. Akazitazama tena betri. Nyingi ziling'aa. Nne hazikung'aa. Ganda la hizo nne lilikuwa limepauka, tena limepauka upande mmoja tu, upande wa pili buluu ni ileile. Na chini, kwenye ule mfuo unaozunguka kitako cha betri, kulikuwa na unga mweupe.

"Zimevuja hizo," alisema Filemoni. "Usishike, dawa yake inaunguza."

Sikudhani akazitia zile nne kwenye bahasha, akaenda mahabusu, Filemoni nyuma yake.

Hamudi alisimama alipomwona. Alikuwa mtu wa makamo, mkulima wa kule chini bondeni, mwenye mikono mirefu ambayo hakujua aiweke wapi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Betri za kwenye tochi yako ulizipata wapi?"

"Alinipa bwana Cecil mwenyewe, mwaka juzi. Alisema mlinzi asiye na tochi ni mgeni tu."

"Shati lake lilichanwa na nani?"

"Mimi."

Filemoni akakohoa kidogo. Sikudhani hakugeuka.

"Endelea."

"Nilimwambia, bwana Cecil, mto huu leo haumjui mtu. Akasema chombo kimezima na mafuriko yanapita bila kupimwa, mwaka mzima utakuwa umeharibika. Akaanza kuingia kwa kufuata kamba. Nikamkamata shati. Akasema niachie. Shati likaanza kuchanika, nikaachia."

"Kwa nini uliachia?"

"Alikuwa mkubwa wangu wa kazi. Nikaona aibu kumchania mtu shati lake." Akajifuta uso kwa kiganja. "Shati, afande. Niliogopa shati."

Sikudhani akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Mara ya mwisho alipokilaza chombo, kabla ya mvua, betri alizitia akiwa wapi?"

"Nyumbani kwao. Mtoni hakuwa anakifungua kabisa. Alikuwa anashuka nacho kimeshafungwa, anasema mchanga wa kule ni adui."

"Una shida yoyote humu ndani?"

"Ya kulala chini nimeizoea. Ila tulipompandisha marehemu mlimani nilimwamkia mama yake, mbele ya watu wote. Hakuitikia. Ile shikamoo yangu ipo hewani mpaka leo."

Sikudhani hakuwa na fomu ya kuandika shida ya namna hiyo. Akamwambia ameisikia.

*

Mtaalamu wa mradi alikuwa Bi Rahima, na ofisi yake ilikuwa Masasi, chumba kimoja chenye feni inayolalamika na picha ya Cecil iliyobandikwa juu ya kompyuta. Alikuwa amejifunza kazi pamoja na marehemu, na macho yake yalionyesha kwamba hajalala vizuri tangu mazishi.

"Nieleze kama unamweleza mtoto," alisema Sikudhani. "Chombo hiki kinazimaje?"

"Kwa njia mbili. Kina tumbo la umeme na tumbo la kumbukumbu. Kila kikiamka kupima, la kwanza linapungua, la pili linajaa. Ukikiamsha kila mara, utapata picha nzuri ya mto, lakini hakitafika mbali. Ukikiamsha kwa nadra kitadumu, ila mafuriko yanaweza kupita kikiwa kimelala. Kazi yote ya kupanga ni hapo."

"Na Cecil alipangaje?"

Bi Rahima alitabasamu kidogo, bila furaha. "Cecil alikulia kule juu, ambako ndoo moja inapikia, inaoshea na bado inabaki ya kunywa. Alizigawa betri namna hiyo hiyo. Kinaamka kila robo saa, kinapima muda mfupi, kinalala. Kumbukumbu ingetosha mpaka mwakani. Betri zingefika kiangazi, mto ukiwa magotini, ndipo angekitoa. Na bado aliacha akiba, kwa sababu hakuwa mtu wa kula mbegu."

"Huenda alikosea hesabu."

"Nilitamani awe amekosea. Nimeirudia mwenyewe, nikairudia tena. Haikukosewa."

Akamgeuzia kompyuta. Kulikuwa na mstari uliopanda na kushuka. "Kumbukumbu haikufika hata nusu, kwa hiyo si yenyewe. Ni umeme. Chombo hiki kila kikiamka kinaandika na hali ya betri zake. Tazama mwanzo. Siku ya kwanza ziko juu, nzima kabisa. Halafu zinaanza kuporomoka mapema, si kwa mteremko wa betri mpya. Februari ikiisha zimekwisha. Kisanduku cha mawasiliano kilichopo ukingoni kikampelekea Cecil ujumbe kwenye simu kwamba umeme umekwisha. Akaja hapa, nikamwambia ngoja maji yapungue. Akasema ndiyo." Akaitazama picha iliyo juu ya kompyuta. "Alisema ndiyo, inspekta."

"Je, mtu angeweza kukitoa majini katikati, akabadilisha betri, akakirudisha?"

"Tungejua. Kina kipimo cha joto na kipimo cha kuinama. Ukikiinua tu, vyote viwili vinaruka. Hapa hakuna kilichoruka. Tangu Cecil alipokilaza mpaka kilipozima, hakuna aliyekigusa."

Filemoni, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliivua kofia yake akaitazama ndani.

"Basi betri mbovu zilishuka nacho," alisema Sikudhani. "Zilikuwamo kabla ya kufungwa."

"Ndiyo. Na zinashikana mkono. Nne zikianguka zinazivuta na nyingine zote."

Sikudhani akaimwaga bahasha juu ya meza. Bi Rahima akazigeuza zile nne, akachungulia vitako. "Hizi hazijavuja. Zikivuja huwa na chembe kavu, zinakula chuma. Chuma hiki ni safi."

"Na huu weupe?"

"Siujui."

Sikudhani akaukwangua unga kwa ukucha, akanusa. Alizaliwa Chiwata. Harufu ya makopa aliijua kabla hajajua kutamka jina lake: muhogo uliomenywa, ukakatwa, ukaanikwa juani mpaka ukawa mweupe na kuanza kumeguka unga. Akaitazama betri tena, upande uliopauka na upande mzima, na akamkumbuka baba yake mzazi akipanda ngazi kila Jumamosi kuzilaza betri za redio juu ya bati, ili jioni asikilize mpira. Betri za baba zilipauka hivi hivi. Ziliimba robo saa kwa nguvu, kisha zikafa katikati ya goli.

"Bi Rahima," alisema, "chombo kilizima kabla Cecil hajaingia majini. Kwa hiyo maji yaliyomchukua, kasi yake..."

"Haijulikani," alisema Bi Rahima. "Katika mto mzima, saa ile ndiyo sina."

*

Walipita Chiungutwa kimya, wakielekea Mnyambe. Filemoni aliendesha kwa adabu isiyo ya kawaida, akiwapisha hata mbuzi. Mvua ilikuwa imekatika siku ile na jua limetoka kwa hasira, na mikorosho ilikuwa imeoshwa vumbi lake lote.

"Afande, unawaza nini?"

"Nawaza kwamba heri ungekuwa wewe umepatia."

Nyumba ya marehemu ilikuwa ya bati, imefagiliwa, turubai la msiba bado limeviringishwa kando ya ukuta. Mama Cecil, Ethel kwa jina la ubatizo, alikuwa amekaa mkekani na redio ndogo mapajani. Alikuwa mjane wa siku nyingi na Cecil alikuwa mtoto wake pekee aliyebaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Koplo, vuta kiti." Akaupapasa mgongo wa redio. "Haiongei. Nimezianika betri zake tangu asubuhi, jua likizidi kidogo zitaamka. Nataka siku wakimtangaza Hamudi nisikie kwa masikio yangu. Watamnyonga lini?"

Sikudhani alifuata mkono wa mama. Juu ya kipande cha bati, jirani na jiko, betri mbili zililala kwenye jua. Zilikuwa nyekundu, za dukani. Kuona tu vile Sikudhani aliumia, na hakuona sababu ya kujificha kwamba ameumia. Akakaa chini mkekani, magwanda na yote.

"Mama, naomba unisimulie Cecil alipokuja kukitengeneza chombo, kabla ya mvua."

"Alikuja hana raha. Betri za mradi zilikuwa zimekwama njiani. Boksi lake lilikuwa na mapengo, kama mdomo wa mzee. Akasema, 'Mama, mvua zikinikuta sijakilaza chombo, mwaka umeenda.' Unajua, ile kazi ilikuwa ya kuwaonyesha wakubwa kwamba mto una maji ya kutosha kuyapandisha huku juu. Alikuwa ananiambia, 'Mama, utafungulia bomba hapa hapa jikoni.' Mimi niliyechota maji kule chini nikiwa na mimba yake."

"Halafu?"

"Akaenda mjini kutafuta, akasema atarudi kesho yake. Nikakumbuka zile alizokuwa amenipa za redio, zilizotoka chomboni safari ya kwanza. Sikuwa nimezitumia. Vitu vya mtoto vinatumiwa hovyo? Nilizifunga kwenye kanga. Nikazitoa, nikazianika na makopa yangu juu ya bati, jua lile la kabla ya mvua, wewe mwenyewe unalijua. Jioni zilikuwa za moto hazishikiki. Nikazifuta vizuri, nikamjazia boksi lake."

Filemoni alikuwa ameacha kuandika.

"Ulimwambia, mama?"

"Tenda wema nenda zako. Alipofungua boksi akashangaa, akasema, 'Mama, wameleta?' Nikamwambia, Mungu huleta. Akazipima na kimashine chake, akasema zote nzima. Alicheka siku ile, mwanangu. Alikula makopa na samaki, akakaa pale mezani akakifunga chombo chake, akakipaka mafuta kwenye raba, huku anapiga mluzi." Mama akaitazama ile meza. "Ndiyo mara ya mwisho kusikia mluzi humu ndani. Halafu Hamudi akamwibia."

Sikudhani akaomba radhi, akainuka, akatoka mpaka kwenye mikorosho. Filemoni akamfuata.

"Afande," alisema, na sauti ya mahakamani haikuwepo, "vipimo vya Bi Rahima vinatosha kumtoa Hamudi. Tuandike betri zilikuwa mbovu, basi. Mama wa watu tumwache."

"Nami nilitaka hivyo tangu Masasi. Lakini wajomba zake Cecil wamesema nini kule msibani?"

Filemoni alitazama chini. "Wamesema Hamudi akiachiwa watamfuata bondeni."

"Kwa sababu dada yao anaamini. Akiendelea kuamini, tunamtoa Hamudi mahabusu tunampeleka kaburini."

Wakarudi. Sikudhani alikaa palepale mkekani, akaiweka moja ya zile betri nne mbele ya mama, upande uliopauka ukiwa juu. Hakujua njia nzuri ya kulisema jambo lile, na kwa kuwa haikuwepo, akatumia fupi.

"Mama Cecil, jua haliongezi nguvu kwenye betri. Linaiamsha tu kwa muda, kama mtu aliyechoka ukimwita jina. Cecil alizipima zikiwa zimeamka. Mtoni zikalala. Chombo kikazima kwa ajili ya hizi nne. Hamudi hakuiba kitu. Alimshika shati asiingie majini."

Mama aliichukua betri. Akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye kitako chake, akaona unga kwenye kidole, akautazama kwa muda mrefu.

"Alisema zote nzima," alisema.

"Zilionekana nzima, mama."

"Ni mimi nilizifuta. Nilizifuta na kanga ya kanisani."

Hakulia. Aliiweka betri chini polepole, kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele ya Filemoni, viganja vimeshikana. "Nifungeni basi."

Filemoni akarudi nyuma hatua nzima.

"Hakuna sheria ya kukufunga, mama," alisema Sikudhani. "Hukukusudia. Hata kosa halipo."

"Mwanangu yuko ardhini na kosa halipo?"

"Halipo."

"Basi mimi atanihukumu nani?"

Sikudhani akamshika mama mikono ile iliyonyooshwa, akaishusha mapajani pake, na akalia yeye, inspekta, mbele ya koplo wake, bila kujifuta.

Mwishowe ni mama aliyeinuka kwanza. Akazikusanya zile betri nyekundu kwenye bati, akazitupa shimoni pamoja na maganda ya muhogo. Akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga nyingine na kikapu mkononi.

"Wajomba zake nitawaambia mimi. Mkiwaambia ninyi watasema polisi wamekula. Sasa nipelekeni kwa Hamudi."

*

Newala walifika jua likiwa bado limesimama. Sikudhani alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo, akamwekea mezani zile betri, picha za kompyuta ya Bi Rahima na kurasa mbili za maelezo ya mama zilizowekewa dole gumba. Mkuu alisoma, akauliza maswali machache, akapiga simu. Kisha akasema jalada lisiende, na mtu aachiwe.

Filemoni mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Hamudi alitoka akipepesa macho, ameshika mkanda wake na viatu. Alipomwona Mama Cecil amesimama koridoni, akasimama pia, akajibana ukutani kama anayempisha.

Mama aliweka kikapu chini. Kilikuwa na ugali wa muhogo umefungwa kwenye kitambaa, bado una joto.

"Hamudi," alisema, "betri ni zangu mimi. Nilimtilia mwenyewe, sikumwambia. Wewe ulimshika."

"Niliachia, mama."

"Ulimshika. Mimi sikuwepo hata kumshika." Akainamisha kichwa, mama mtu mzima, mbele ya mlinzi aliyeshika viatu, na magoti yake yakaanza kukunjika. "Shika..."

"Hapana," alisema Hamudi. Aliviangusha viatu, akamdaka viwiko kabla hajafika chini. Safari hii hakuachia. "Usinilaani, mama. Mimi ndiye mtoto. Shikamoo. Shikamoo, mama."

Mama Cecil alijinyoosha, akamtazama usoni.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Kula kwanza."